Nimesahau hisabati, na mtihani wa kujiunga na uzamili unanisubiri

Barua

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni muuguzi mwenye umri wa miaka 34, mama wa mtoto mmoja. Kwa muda mrefu nimetamani kusoma shahada ya uzamili katika afya ya jamii, na sasa mambo ya nyumbani na kazini yamekaa vizuri kiasi cha kuniruhusu kujaribu. Vyuo viwili ninavyovitaka vinadai matokeo ya GRE, mtihani wa kujiunga na uzamili unaopima lugha na hisabati. Upande wa lugha haunitishi sana. Kinachoninyima usingizi ni hisabati.

Niliachana na hisabati siku nilipomaliza sekondari. Hata wakati ule sikuwa mzuri. Nilikuwa nakariri hatua za mwalimu, nazimwaga kwenye karatasi ya mtihani, basi. Nilipoamua kuufanya mtihani huu nilinunua kitabu kinene cha mbinu za mkato. Nimekipitia kwa wiki kadhaa, nimekariri kanuni za maeneo, za vipeo na za uwezekano. Juzi nikajipima kwa jaribio moja la mazoezi. Maswali mengi sikuelewa hata yanauliza nini, na yale niliyoyaelewa nilikosa katika vitu vidogo mno. Nilikwama kwenye kugawanya theluthi mbili kwa robo. Binti yangu wa darasa la sita aliona, akachukua kalamu akanifanyia. Nilitabasamu, ila moyoni niliumia.

Naangalia pia masomo ya video. Mwalimu anapoeleza naelewa kila kitu, naitikia kwa kichwa. Kesho yake nikilishika swali lilelile peke yangu, sijui hata mstari wa kwanza uandikwe nini.

Nafanya kazi kwa zamu, kwa hiyo muda wangu hautabiriki. Maombi ya vyuo yanafungwa baada ya miezi sita hivi. Rafiki yangu aliyewahi kuufanya mtihani huu ananiambia nisipoteze muda kurudi kwenye msingi, nijifunze tu ujanja wa kukisia na kupachika majibu. Mwingine anasema nitafute chuo kisichodai GRE, nijiepushie mateso. Nami nauliza: je, akili yangu imeshapitwa na umri wa kujifunza mambo haya? Kama haijapitwa, naanzia wapi hasa? Na hao rafiki zangu niwasikilize?

Naomba unieleze ukweli, hata kama ni mchungu.

Mwenye Kiu ya Shule

Jibu

Marahaba, mwanangu.

Nianze na huyo anayekwambia utafute chuo kisichodai GRE, kwa sababu hilo linajibika haraka. Ni kweli kwamba vyuo vingi, hasa tangu mwaka 2020, vimeacha kuudai mtihani huu au vimeufanya wa hiari, na programu nyingi za afya ya jamii zimo humo. Ziandikie leo ofisi za udahili za hivyo vyuo viwili, uulize kama sharti bado lipo kwa mwaka unaoomba, na kama lipo, kama kuna msamaha kwa mtu mwenye uzoefu wa kazi. Barua pepe mbili zinaweza kukuokolea miezi. Ila usiukimbie mtihani kwa nia ya kuikimbia hisabati. Ukiingia tu katika uzamili wa afya ya jamii utakutana na takwimu na epidemiolojia, yaani elimu ya kuenea kwa magonjwa: viwango vya maambukizi, uwiano wa hatari, asilimia za ongezeko, grafu za kila namna. Huko hakuna msamaha. Saa utakazotumia sasa kuelewa sehemu na asilimia zitakufaa hata kama mtihani wenyewe hutaufanya.

Kuhusu umri, akili yako haijapitwa na kitu. Mwaka 1885 mtafiti Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kukariri na kusahau. Aliona kwamba jambo lililowahi kujifunzwa, hata pale ambapo mtu anadhani limefutika, huchukua muda mfupi zaidi kulijifunza mara ya pili. Kwa hiyo ziko mada zitakazokurudia jioni moja tu, na utashangaa. Lakini umeniambia jambo jingine la maana, kwamba sekondari ulikuwa ukikariri hatua bila kuzielewa. Mada hizo hazitakurudia, kwa sababu hukuwahi kuwa nazo. Hapo utakuwa unajifunza kwa mara ya kwanza, na utaenda polepole. Ukijua tofauti hiyo mapema hutajilaumu bure siku mada moja ikikaa nawe wiki nzima.

Tena si kweli kwamba umeachana na hisabati. Dawa ya maji ina miligramu 250 katika kila mililita 5, na mgonjwa ameandikiwa miligramu 400. Unampa mililita 8, na hukuhitaji kitabu. Huo ni uwiano. Daktari akiagiza lita moja ya maji ya mshipa iingie kwa saa 8, na mpira unatoa matone 20 kwa mililita, unazidisha 1000 kwa 20, unagawanya kwa dakika 480, unapata kama matone 42 kwa dakika. Swali la namna hiyohiyo likija kwenye GRE likiwa na pampu na tangi badala ya chupa na mgonjwa, usikubali likutishe. Ni kazi unayoifanya kila zamu, na unaifanya pale ambapo kukosea kuna gharama kubwa kuliko alama.

Sasa kitabu chako. Mbinu za mkato ni kazi ya mtu ambaye tayari anaijua njia ndefu. Mwandishi wa kitabu cha namna hiyo anadhani kwamba sehemu, alama za kutoa na milinganyo ya kawaida haikusumbui, na anaanzia hapo kwenda mbele. Wewe unasumbuka palepale anapopaita mwanzo. Ndiyo maana kanuni ulizokariri hazishiki. Unakumbuka kanuni ya eneo la duara, kisha swali linakuja na nusu kipenyo cha theluthi mbili, na jibu linakufia kwenye sehemu wala si kwenye duara. Kifunge hicho kitabu kwa muda. Usikiuze, utakihitaji baadaye.

Kazi ya kwanza ni kutafuta mahali pa chini kabisa ambapo pamevunjika, kisha kuanzia hapo bila kujali ni darasa la ngapi. Kaa na karatasi tupu, bila kikokotoo, ufanye haya:

5/6 − 3/4
2/3 ÷ 1/4
10 − 4 + 3
−3²
2³ × 2⁴
√(9 + 16)
3(x − 2) = 5x + 8, tafuta x
−2x < 6, x iko wapi?

Majibu ni haya: 1/12, 8/3, 9, −9, 128, 5, x = −7, na x > −3. Usihesabu umepata mangapi. Tazama ulikosa vipi, kwa maana kila moja limewekwa hapo kwa sababu yake. Aliyepata 3 katika swali la tatu ameijumlisha 4 na 3 kwanza, na mara nyingi ni kosa la kuishika MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) kwa herufi zake. Mpangilio ule unataja kujumlisha kabla ya kutoa, na kugawanya kabla ya kuzidisha, lakini kwa kweli kujumlisha na kutoa vina daraja moja, na kugawanya na kuzidisha vina daraja moja. Unavifanya kwa kufuata mstari kutoka kushoto kwenda kulia. MAGAZIJUTO pia haitaji vipeo, ambavyo huja mara tu baada ya mabano. Kwa hiyo katika −3² kipeo kinaishika 3 peke yake, na alama ya hasi inabaki nje kungoja. Ungetaka 9, ungeandika (−3)². Aliyepata 7 kwenye kipeuo cha pili amechukua kipeuo cha 9 na cha 16 kila kimoja peke yake akajumlisha, jambo lisiloruhusiwa. Na aliyeandika x < −3 katika la mwisho amesahau kwamba ukigawanya pande zote kwa namba hasi, alama ya ukubwa inageuka.

Sasa tukae kidogo kwenye sehemu, kwa sababu ndizo zilizokuumiza mbele ya binti yako, na kwa maoni yangu ndizo zinazowaangusha watu wazima wengi kuliko aljebra yote. Shuleni mlifundishwa kugeuza ya pili juu chini kisha kuzidisha. Nani alikwambia kwa nini? Kugawanya ni kuuliza: hiki kinaingia mara ngapi katika kile? Katika 1 nzima kuna robo 4. Katika theluthi mbili, basi, kutakuwa na theluthi mbili za hizo robo 4, yaani 2/3 × 4, ambayo ni 8/3. Robo zinaingia mara 2 na theluthi mbili zaidi. Hapo ndipo ile 1/4 ilipogeuka kuwa 4. Ukishaliona hilo mara moja kwa mchoro wako mwenyewe wa mstatili uliogawanywa, hutahitaji tena kukumbuka kanuni, na hata ukiisahau utaijenga upya ukiwa ndani ya chumba cha mtihani. Kaa na sehemu mpaka uweze kufanya vitendo vyote vinne bila kusita. Watu hupaona hapa pa kitoto, wanaparuka ndani ya siku moja. Wewe chukua wiki mbili ukihitaji. Usiondoke mpaka uwe unajua, bila kufikiri, kwamba 3/8 ni 0.375 na kwamba theluthi moja ni takriban asilimia 33.

Kutoka hapo nenda kwenye asilimia, ukiwa na swali moja la kujiuliza kila mara: asilimia ya nini? Kitu kikipanda kwa asilimia 20 kisha kikashuka kwa asilimia 20, hakirudi kilipokuwa. Kinabaki asilimia 96 ya cha mwanzo, kwa sababu ile 20 ya pili imechukuliwa kwenye kiasi kikubwa zaidi. Na kiwango cha chanjo kikitoka asilimia 40 kufika 50, kimepanda kwa pointi 10, lakini kama ongezeko linalopimwa kutoka kilipoanzia ni asilimia 25. GRE inapenda mtego huu, na wewe utakutana nao katika kila ripoti ya afya utakayosoma maishani.

Wastani nao una mtego wa namna hiyo. Wodi moja ina wagonjwa 10 wenye wastani wa mapigo 60 kwa dakika, nyingine ina wagonjwa 30 wenye wastani wa 80. Wastani wa wote si 70. Jumla ya mapigo ni 600 na 2400, yaani 3000, ukigawanya kwa watu 40 unapata 75. Kila unapoona wastani, badilisha haraka iwe jumla: wastani mara idadi. Maswali mengi ya wastani yanafunguka kwa hatua hiyo tu.

Kisha aljebra. Umesema maswali mengi hukuelewa yanauliza nini, na sidhani tatizo ni lugha. Ni kazi ya kugeuza maneno kuwa mlinganyo, ambayo ni stadi ya peke yake na inahitaji mazoezi ya peke yake. Chukua sentensi hii: kwa kila muuguzi mmoja kuna wagonjwa sita. Iandike kwa herufi, U kwa idadi ya wauguzi, W kwa idadi ya wagonjwa. Watu wengi, hata waliosoma sana, huandika 6W = U, kwa sababu macho yanafuata mpangilio wa maneno, sita likiwa karibu na wagonjwa. Jaribu kwa namba: wauguzi wakiwa 2, wagonjwa ni 12. Je, 6 × 12 ni 2? Hapana. Kilicho sahihi ni W = 6U. Jizoeze kuupima hivyo kila mlinganyo unaouandika kabla ya kuanza kuukokotoa. Kupima huko kunachukua sekunde chache na kunakuepusha na dakika nzima ya kukokotoa kitu kisicho sahihi kwa ustadi mkubwa.

Fanya zoezi la kuandika tu, bila kutafuta jibu. Soma maswali ya maneno kumi, kila moja liandikie mlinganyo, pima, achana nalo. Wodi ina watu 48, wanaume wamezidi mara mbili ya wanawake kwa watu 6. Wanawake waite k, wanaume ni 2k + 6, jumla k + 2k + 6 = 48. Ukifika hapo kazi imeshakwisha. Kwamba k ni 14 ni jambo la kumalizia tu.

Jiometri iache iwe ya mwisho. Inayohitajika si nyingi: pembe, pembetatu, duara, maeneo na ujazo, mistari kwenye mhimili wa x na y. Hakuna trigonometria, hakuna kalkulasi. Uwezekano nao hautakusumbua ukishazimudu sehemu, kwa sababu kimsingi ni sehemu: matokeo unayoyataka juu, matokeo yote chini.

Sasa hizo video. Unaelewa mwalimu anapoeleza, kesho huwezi. Hilo halina uhusiano wowote na kumbukumbu mbovu. Kufuata hatua za mtu ni kazi moja, na kuzalisha hatua mwenyewe ni nyingine, na mtihani unapima hii ya pili tu. Kwa hiyo geuza matumizi. Swali likitokea kwenye video, isimamishe kabla mwalimu hajaanza. Lijaribu, hata kama unajua utakwama. Andika ulipofika. Kisha angalia, lakini usinakili. Ukimaliza, funga kila kitu na ulifanye tena kwenye karatasi tupu. Kesho lifanye tena bila kutazama popote, na wiki ijayo tena. Ukilimaliza mara hizo zote bila msaada, limekuwa lako. Utaona kwamba kwa mtindo huu unafanya maswali machache sana kwa siku, na utahisi unachelewa. Vumilia. Maswali matano yaliyopitiwa hivyo yana faida kuliko hamsini yaliyotazamwa.

Kuwa na daftari la makosa. Kila swali ulilokosa liandike humo pamoja na sababu, na sababu ziwe za wazi: sikujua dhana, nilijua lakini sikusoma swali hadi mwisho, nilikosa kwenye hesabu ndogo. Baada ya wiki tatu litakuambia ukweli ambao mimi siwezi kuuona kutoka huku niliko. Wapo wanaodhani hawajui aljebra, kumbe makosa yao karibu yote ni ya kudondosha alama ya hasi wanapofungua mabano. Dawa ya mtu huyo ni kuandika hatua moja kwa kila mstari, si kusoma sura nyingine ya aljebra.

Mazoezi yako pia yachanganye. Ukifanya maswali ishirini ya asilimia mfululizo, kufikia la tatu hujiulizi tena ni mbinu gani itumike, unarudia tu. Mtihani hautakwambia hili ni la asilimia, hili la uwiano. Kwa hiyo mada ikishakaa, itupe ndani ya mchanganyiko wa mada zote ulizokwisha kupita.

Rafiki yako wa ujanja hajakosea kabisa. Kupachika majibu ni mbinu halali: swali la chaguo likikuuliza x ni ngapi, unaweza kuzijaribu namba zilizotolewa badala ya kukokotoa mlinganyo. Kuchagua namba yako mwenyewe, kama 100 kwenye swali la asilimia lisilo na namba, pia ni halali na kunasaidia sana. Alichokosea ni mpangilio. Ukipachika jibu la 3/4 kwenye mlinganyo huku huwezi kuzidisha sehemu, ujanja umekufikisha palepale ulipokuwa.

Lipo aina moja la swali la GRE ambalo ujanja na msingi vinakutana, na nataka ulizoee mapema. Unapewa viasi viwili, A na B, unaulizwa kipi ni kikubwa, au vinalingana, au taarifa haitoshi kuamua. Chaguo hizo nne hazibadiliki. Mfano: umeambiwa x ni kubwa kuliko 0, A ni x², B ni x. Anayejaribu 2 peke yake anapata 4 na 2, anachagua A, anakosa. Jaribu nusu: A inakuwa robo, B nusu, sasa B ni kubwa. Jibu ni kwamba haiwezekani kuamua. Kila ukiona herufi katika swali la aina hii jaribu namba kubwa, 1, sehemu iliyo chini ya 1, na kama hukukatazwa, 0 na namba hasi. Mara nyingi hutahitaji kukokotoa chochote zaidi. Na usiuamini mchoro wa jiometri kwa macho, kwani haichorwi lazima kwa vipimo halisi. Grafu za takwimu ndizo unazoweza kuzisoma jinsi zinavyoonekana.

Mtihani wenyewe ulifupishwa Septemba 2023. Hisabati ina awamu mbili: ya kwanza maswali 12 kwa dakika 21, ya pili maswali 15 kwa dakika 26. Ni chini kidogo ya dakika moja na sekunde 45 kwa swali. Alama ni kuanzia 130 hadi 170. Ulivyofanya awamu ya kwanza ndivyo vinavyoamua ugumu wa awamu ya pili, kwa hiyo usiichukulie ya kwanza kama ya kupasha mwili. Jibu lisilo sahihi halikatwi alama, basi usiache swali wazi. Ndani ya awamu moja unaweza kuliwekea swali alama, ukaliruka, ukalirudia. Kikokotoo kipo kwenye skrini, ila ni cha polepole kuliko kichwa kilichozoea, na anayekiendea kwa 6 × 7 anapoteza muda anaouhitaji kwingine. Tebo za kuzidisha zirudie kabisa, hadi 12.

ETS, shirika linaloandaa mtihani, linatoa bure mapitio ya hisabati yanayogusa mada zote, pamoja na majaribio mawili kamili ya POWERPREP. Mapitio yatumie tangu sasa kama ramani ya kujua kinachohitajika. Majaribio usiyaguse mapema. Hayo ndiyo yanayofanana zaidi na mtihani halisi, na ukiyamaliza wakati msingi bado hujaukamilisha utakuwa umeyatumia bila faida. Miezi miwili hadi miwili na nusu ya mwanzo iwe ya msingi tu, bila saa ukutani. Ukishaweza kulifanya swali kwa usahihi bila kukimbizwa, ndipo uanze kujipima kwa dakika. Kasi inakuja kwa kutosita, na kutosita kunatokana na kujua.

Kwa mtu wa zamu, sitakupa ratiba ya siku saba, kwa sababu itavunjika wiki ya kwanza na utajiona umeshindwa. Jiwekee vipindi vinne au vitano kwa wiki, vya dakika 40 hivi, bila kuvifunga kwenye siku. Ukitoka zamu ya usiku usijaribu mada mpya, lala. Wewe muuguzi unajua usingizi unavyofanya kazi kwenye kumbukumbu kuliko mimi. Siku za uchovu pitia daftari la makosa, swali moja au mawili, utosheke. Na binti yako mwite mezani. Mwombe akufafanulie alivyofanya ule mgawanyo, kisha umuulize kwa nini ile sehemu inageuzwa. Huenda hajui naye, na mtaitafuta pamoja.

Tarehe ya mtihani isiwe wiki ya mwisho kabla maombi hayajafungwa. Ukiufanya usiporidhika, unaruhusiwa kurudia baada ya siku 21, hadi mara tano ndani ya miezi 12, na unaweza kuchagua ni matokeo ya siku gani yatumwe vyuoni. Matokeo yanadumu miaka mitano. Kwa hiyo lenga mwezi wa tano kutoka sasa, ubaki na nafasi ya mara ya pili. Kabla hujajiwekea alama unayoitaka, vichunguze vyuo vyako vinapokea wanafunzi wa alama zipi. Huendi kusomea hisabati, na si lazima uikimbilie 170.

Fanya yale maswali manane kesho. Ukikwama, niandikie tena na unionyeshe hatua zote ulizopita, hata zile unazozionea aibu, maana jibu la mwisho peke yake haliniambii ulipoteleza wapi.